Punda Aliyekula Chumvi Nyingi

Juzi sufuria ya maharage ilifurika jikoni, maji ya chumvi yakamwagikia makaa, na harufu yake ikanikuta barazani nimekaa sina hili wala lile. Mnaijua harufu hiyo? Inakwangua koo, inatoa machozi kidogo, halafu inang'ang'ania nguo. Mkwe wangu alitoka mbio kuniomba samahani kwa ule moshi, nikamwambia haidhuru, mwanangu, endelea na kazi yako. Sikumwambia zaidi. Siku hizi nachoka kueleza mambo, maana kila ninachotaka kueleza lazima kianzie mbali. Lakini kwa dakika ile sikuwa hapa Chuno, mjini Mtwara, wala sikuwa bibi wa mtu. Nilikuwa mtoto wa miaka saba, nimeshika kamba ya punda, na moyoni nina kosa ambalo sijamwambia mtu.

Hili nawaambia nyinyi wa rika langu, mliobakia. Vijana wa chumvi ya pakiti wataona nawatungia.

Kijiji chetu kilikuwa kusini huko, karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Kati ya mikoko na mashamba yetu ya mihogo palikuwa na uwanda mweupe usioota hata unyasi mmoja. Maji ya bamvua, bahari inapojaa sana, yalikuja yakaufunika, yakarudi yalikotoka, jua likaupiga, na juu ya udongo ukabaki ukoko wa chumvi. Kiangazi wanawake walikwenda kuukwangua kwa vifuu vya nazi. Waliujaza udongo ule kwenye vikapu, wakavitundika juu ya vyungu, wakamimina maji ya bahari, yakachujika tone kwa tone. Yaliyochujika ndiyo yaliyopikwa, tangu asubuhi mpaka alasiri, kuni juu ya kuni, hadi chungu kikauke na chumvi ibaki chini. Kazi ya kuua macho na kiuno. Nikiikumbuka tu, hapa nilipokaa, nachoka.

Bibi yangu, mama mzazi wa baba, alipika chumvi tangu hajaolewa. Babu alipofariki alimwachia nyumba, mikorosho michache, na punda. Punda huyo jina lake Haambiliki. Alikuwa dume kubwa jeupe, wale wa Maskati, na babu alimpa jina hilo siku alipomnunua Mikindani. Walitoka huko alfajiri, wakategemea kulala nyumbani, wakafika siku ya tatu. Kila palipokuwa na majani Haambiliki alisimama, na akisimama amesimama. Baba alikuwa mtoto wakati huo. Kwa hiyo nilipopata akili mimi, Haambiliki alikuwa mzee kuliko mama yangu, na mama hakupenda kukumbushwa.

Hakuna kitu nyumbani kwetu ambacho hakikupita mgongoni mwake. Kuni za mikoko, vyungu, mihogo, makuti ya kuezekea nyumba, yote aliyabeba kwenye shogi, ile mifuko miwili ya ukindu inayoning'inia ubavuni. Hata mama yangu, siku anaolewa, aliletwa juu ya Haambiliki, naye akasimama katikati ya njia akala mchicha wa watu mpaka vigelegele vikaisha na wapiga ngoma wakaketi chini. Mama alikuwa akisimulia habari hiyo kwa hasira ya uongo. "Nimeolewa na ukoo wa punda mimi!" alisema, kisha akaenda kumpelekea maganda ya mihogo.

Lakini aliyemmudu ni Bibi peke yake. Hakumpiga. Alimsemesha tu njia nzima, kama mtu na jirani yake. "Haya, mzee mwenzangu. Leo goti gani linauma? La kulia? Basi la kwangu la kushoto, tuegemeane." Naye Haambiliki alitikisa masikio, akaenda. Mama akimshika kamba hakwenda. Baba akimshika alikwenda hatua kumi, akageuka kutazama Bibi yuko wapi.

Mimi Bibi aliniita mke mwenzangu, kwa utani wetu ule wa bibi na mjukuu. "Mke mwenzangu, mume wetu kafa katuachia huyu jeuri. Nikitoka mimi, utamweza?" Nikasema nitamweza. Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo, na sababu yenyewe ndiyo kosa langu.

Bibi alikataza mtu kuchezea chumvi. Chumvi ni ya kuuza, alisema, si ya kulamba. Sasa mimi kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, niliiba chumvi ya mawe kwenye kanda la ukindu, nikaingia bandani, nikafungua kiganja. Haambiliki aliilamba taratibu kwa ule ulimi wake mgumu, akafumba macho. Akimaliza kiganja alilamba mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilipenda sana. Tangu nijue kutembea peke yangu nilifanya hivyo, na hapana aliyejua.

Mwaka huo baba alikuwa Mtwara, kwenye ujenzi wa bandari mpya, anabeba zege. Alirudi nyumbani mara moja moja, mwendo wa siku nzima, mikono imepasuka kwa saruji. Asubuhi moja alipokuwa amerudi, mimi niko bandani na kiganja changu cha chumvi, yeye na mama walikuwa wamekaa uani, upande wa pili wa ukuta wa makuti. Hawakujua kama nipo.

"Kachoka yule," baba alisema. "Mwaka jana hakuwa hivi."

"Hukumwona juzi wewe. Kapiga magoti kule uwandani, nikadhani hanyanyuki tena. Na pumzi inavyomtoka, mpaka unamwonea huruma."

"Umri nao. Kala chumvi nyingi yule."

"Mno," mama akasema.

Ulimi wa Haambiliki ulikuwa bado kiganjani mwangu. Nikafunga ngumi.

"Basi asiende tena uwandani," baba akasema. "Abaki hapa hapa kivulini, apewe maji, apewe cha kula. Tumtunze tu. Mvua za mwaka huu sidhani kama ataziona."

"Na mtoto?"

"Mtoto usimwambie. Wamezoeana mno wale."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe asijue kabisa. Akijua atakata tamaa, tutamzika kabla ya siku zake."

Nyinyi mnacheka. Mnajua kula chumvi nyingi ni kuishi sana. Mimi wa miaka saba sikujua. Nilijua chumvi ile inayokwanguliwa, inayopikwa, ambayo nilikuwa nimeishika mkononi wakati ule ule. Nikaelewa kwamba Haambiliki anakufa, anakufa kwa chumvi, na aliyemlisha ni mimi. Na mwenyewe, yaani Bibi, mwenye punda, asijue, maana moyo wake hautastahimili. Nilitoka bandani kwa nyuma, nikaenda kunawa mikono mara tatu.

Tangu siku hiyo sikumpa tena. Na kweli, kama baba alivyosema, Haambiliki hakwenda tena uwandani. Bibi naye hakwenda, nami sikushangaa, kwani nani amewahi kuona mmoja wao akienda bila mwenzake? Mama alibeba kuni kichwani. Bibi akatandikiwa mkeka barazani, punda akafungwa kwenye mwembe mdogo hatua chache mbele yake, wakawa wanatazamana kutwa.

Chuoni nilimuuliza mwalimu, kwa kuzungukazunguka, maana nilimwogopa. "Mwalimu, aliyekula chumvi nyingi ana dawa?"

Mwalimu alikuwa mzee, meno mawili. Akacheka. "Hana dawa huyo, mwanangu. Ni kusubiri saa yake tu. Mimi mwenyewe hapa nimekwisha kuila ya kutosha."

"Na anayempa, ana dhambi?"

"Astaghfirullah! Anayempa ni Mungu. Anampa amtakaye."

Sikuelewa Mungu ameingiaje. Nilijua vizuri sana nani aliyempa. Nikarudi nyumbani nimeamua kwamba mwalimu hajui habari za punda, na kwamba nitamtibu mwenyewe.

Dawa yangu ilikuwa maji matamu. Kisima kilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba, na mimi nilikuwa na kibuyu kimoja. Nilikwenda na kurudi, nilikwenda na kurudi, mpaka nyayo zikachubuka. Nilimpa maji asubuhi, adhuhuri, alasiri. Nilimwibia mama madafu, nikampasulia. Niliacha kucheza. Hata mchuzi nilikataa kula nikasema una chumvi, mama akaniwekea mkono kwenye paji la uso akadhani nina homa. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama siku zile, na nimefanya kazi nyingi maishani.

Na Bibi alikuwa pale pale, hatua chache, kwenye mkeka wake. "Mke mwenzangu, njoo unikande miguu." Naja, Bibi! Sikwenda. "Mke mwenzangu, njoo nikusuke." Naja! Nikachukua kibuyu changu nikaondoka. Akacheka, akasema nimemwacha mke mwenza kwa ajili ya punda. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko zamani, lakini nani aliyekuwa na nafasi ya kusikiliza sauti? Nilikuwa nahesabu pumzi za Haambiliki.

Haambiliki hakupona, alikasirika. Alizoea chumvi yake, na sasa hakuipata. Alilamba ukuta, akalamba vyungu, akaning'ata kanga nikapiga ukelele. Siku moja, jua la saa tisa, alikata kamba. Mama alikuwa uwandani. Nilikuwa natoka kisimani nikamkuta amepanda barazani kwetu, miguu ya mbele juu, ya nyuma chini, ameinamisha kichwa anamlamba Bibi nyayo. Miguu ya Bibi siku hizo ilikuwa imevimba na kutoka jasho. Bibi amelala chali, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Mwache," aliniambia. "Hatimaye miguu hii imefaa kitu."

Nilitupa kibuyu. Nilimshika Haambiliki sikio, nikavuta, nikampiga kifuani kwa ngumi, nikapiga kelele nilivyoweza. "Huyo asile chumvi, Bibi! Jasho lina chumvi! Utamuua! Atakufa!"

Bibi akainuka akakaa, akanishika mkono. "Nani atakufa?"

Nikamwaga yote. Jamani, nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimelibeba peke yangu siku nyingi mno. Nilimwambia chumvi niliyoiba na kiganja kila asubuhi. Nilimwambia ya baba na mama uani.

"Walisemaje?" Bibi akauliza. "Sema kama walivyosema wao. Usiongeze, usipunguze."

Nilikuwa hodari wa kukariri, mwalimu alinisifu kwa hilo. Nikasimama wima, mikono nyuma, nikamsomea: kachoka yule, mwaka jana hakuwa hivi. Kapiga magoti uwandani. Pumzi inavyomtoka. Umri nao, kala chumvi nyingi yule. Asiende tena, abaki kivulini, tumtunze. Mvua za mwaka huu hataziona. Mtoto asiambiwe.

Bibi hakunitazama. Alikuwa anamtazama Haambiliki, ambaye alikuwa anatafuna ncha ya mkeka.

"Na nini tena?"

"Na mwenyewe asijue. Akijua atakata tamaa." Ndipo nikakumbuka ninamwambia nani, nikalia upya. "Wewe, Bibi. Mwenye punda ni wewe. Wamesema usijue."

Nzi walitua usoni kwake na hakuwafukuza. Kisha akanifuta pua kwa pindo la kanga yake.

"Ndiyo," akasema. "Mwenyewe ni mimi. Sasa sikiliza, mke mwenzangu. Baba yako asijue kama umeniambia. Wala mama yako. Tumeelewana?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wamejitahidi sana kuficha. Tusiwaharibie."

Nikakubali. Nilifurahi hata, maana siri ya watu wawili ni nyepesi. Nikamuuliza kama Haambiliki atakufa kwa chumvi yangu. Akafungua fundo la kanga, na humo mlikuwa na chembe za chumvi. Akaniwekea kiganjani.

"Mpe. Hii haimuui. Atakufa siku yake, lakini si kwa mkono wako. Unadhani sikukuona? Na baba yako alipokuwa kama wewe alikuwa akimlambisha hivi hivi, nikajidai sioni."

Haambiliki alilamba kiganja, akalamba mkono mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho.

Kesho yake Bibi alimwambia mama amtandikie punda mkeka mgongoni, anataka kutembea. Mama akashangaa. "Mama, na miguu hiyo? Unakwenda wapi?"

"Miguu ya punda mizima. Nimechoka kukaa."

Tulimgeuzia kinu akakikanyaga, akapanda. Mimi nikashika kamba. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, kijiji kizima, siku mbili. Kila mlango Bibi aliita hodi juu ya punda, na mwenye nyumba akitoka alimwambia, "Nimekuja kutaka radhi. Tumekaa pamoja siku nyingi, na binadamu hakosi kukosea. Nililokukosea unisamehe, na ulilonikosea mimi nimekusamehe."

Sasa nyinyi mnajua desturi hii na wakati wake. Mimi nilifikiri tunamwombea radhi Haambiliki, na nikaona ni jambo la haki, maana hapakuwa na bustani ambayo hakuiingia. Na watu wenyewe walinisaidia kukosea. Jirani yetu wa kwanza, mwanamke ambaye Bibi aliwahi kununiana naye mwaka mzima kwa ajili ya kuku, alishika kiuno akacheka. "He! Kulikoni, bi mkubwa? Unakwenda Makka?"

"Kwa punda huyu? Nitafika hija imekwisha."

"Basi wewe nimekusamehe, na kuku nimemsamehe. Lakini huyo uliyempanda simsamehi ng'o. Mchicha wangu uko wapi?"

Nikamnong'oneza Haambiliki sikioni ainamishe kichwa. Akakiinamisha, kwa sababu palikuwa na majani, na wote wakacheka, Bibi naye akacheka akashika ubavu. Mwanamke yule alipoacha kucheka alimtazama Bibi vizuri. Akaja akamshika mkono, hakuuachia upesi. Nyumba nyingi ilikuwa hivyo: wanaanza na kicheko, wanamaliza kwa kumshika mkono.

Jioni ya pili, tukirudi, Bibi aliniuliza kama nimechoka. Nikasema sijachoka. "Mimi nimechoka," akasema. Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo kwa ajili yake mwenyewe. Akampapasa Haambiliki shingoni. "Na huyu kachoka. Haya, mzee mwenzangu, goti gani leo?" Haambiliki akaenda mpaka nyumbani bila kusimama hata mara moja.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja mama alikuwa anamkorogea Bibi uji, mimi nampa punda maji, na mama alipompelekea uji barazani akaita mara mbili, kisha akaliweka bakuli chini. Bibi alikuwa amelala upande wa kuume, mkono chini ya shavu.

Baba aliletewa habari, akafika amechoka hana hata sauti. Siku ya pili ya matanga alikaa na wanaume barazani wanampa pole, nami nilikuwa karibu na mama nachambua mchele. Nikamsikia akisema, "Tunamshukuru Mungu. Mama alikuwa kala chumvi nyingi."

Nikamgeukia mama. "Si Bibi. Ni Haambiliki aliyekula chumvi."

Mama alikuwa na macho mekundu. Alinivuta karibu, akaniambia polepole kwamba kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi, watu husema hivyo juu ya wazee. Kisha akaendelea na mchele wake. Nami nikakaa na ungo mapajani, nikaanza kuyapitia yale maneno moja moja, kama nilivyoyakariri. Kachoka yule. Kapiga magoti uwandani. Nilipofika kwenye mwenyewe asijue, nikatapika pale pale, kwenye mchele wa watu. Wanawake wakasema mtoto kampenda sana bibi yake.

Niliona aibu ambayo sijui niilinganishe na nini. Walikuwa wamemfichia Bibi kifo chake, wamejikaza mbele yake, wamecheka naye, na mimi nikamsomea chote wima kama Kurani, sikuacha hata neno. Na zile siku zote aliponiita nimkande miguu, nilikuwa nambebea punda maji. Nilimchukia Haambiliki. Siku saba sikumsogelea. Baba ndiye aliyempelekea maji, na mchana mnyama yule alisimama akitazama mahali palipokuwa mkeka, analia ile sauti yao mbaya, mpaka baba akamfunga nyuma ya nyumba. Huko nako alilia. Siku ya nane nilikwenda mwenyewe na chumvi kiganjani, kwa sababu sikuweza kumsikiliza tena.

Aliziona mvua za mwaka ule, akaona na za mwaka uliofuata. Hakubeba kitu. Mama hakuendelea na chumvi, macho yalimsumbua, na chumvi ya magunia ilikuwa imeanza kuletwa na malori. Watu walimwambia baba anafuga mdomo wa bure. Alikuwa anajibu kwamba mdomo ule ulikuwepo nyumbani kabla ya wengi wetu. Kila akirudi kutoka Mtwara alianzia bandani kabla ya kuingia ndani.

Haambiliki alikufa baba yupo. Alilala mchana kivulini na hakuamka, hakumsumbua mtu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Watu walishauri aburutwe atupwe porini, fisi wamalize. Baba akachukua jembe. Tulichimba nyuma ya banda, yeye anachimba, mimi nazoa udongo kwa karai, tangu asubuhi mpaka alasiri, maana shimo la punda si mchezo. Wapita njia walisimama kututazama.

"Mnamzika? Punda?" mmoja akauliza. "Na arubaini yake lini, tuje kula pilau?"

"Utaalikwa," baba akasema, hakuinua kichwa.

Walitusaidia kumvuta punda mpaka shimoni, kisha wakaondoka, tukabaki wawili. Baba alitupa udongo kidogo, akasimama, akaegemea mpini. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuwa migumu kabisa kwa saruji, na alikuwa amekonda. Akamtazama Haambiliki.

"Huyu alijua," akasema. "Ulimwona jana alivyokataa maji? Mnyama anajua." Akajifuta uso kwa mkono. "Mama hakujua. Hicho tu ndicho kinachonipa usingizi. Nilimwambia mama yako, tumfiche, tusimtie hofu. Na kweli, alikwenda anacheka, anatembea na punda wake kwa watu. Kama angejua, nisingejisamehe."

Nilikuwa na karai la udongo kichwani. Nilikuwa na miaka tisa, karibu kumi. Maneno yote yalikuwepo, nilikuwa bado nayajua kwa mpangilio wake.

"Si kweli?" baba akaniuliza. "Wewe ulikuwa naye siku zote. Hakujua, eti?"

Aliningoja. Macho yake yalikuwa yamechoka sana.

"Hakujua, Baba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akashusha pumzi, akashika jembe. Nikamwaga udongo wangu, nikarudi kuchukua mwingine.